Mweka Hazina Hajafilisika

Maneno haya niliyasema kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Kihesa, Iringa. Wasiofika waliomba niyaandike. Nimeyaacha karibu yote kama yalivyotoka mdomoni, ila nimepunguza pale nilipojirudia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Katibu, wazee wetu wa meza ya mbele, ndugu wanachama, na ninyi mlioko jikoni mnaonisikia kupitia dirishani: Kamwene. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Naomba tukubaliane kwamba itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja majina pilau litaungua.

Nimesimama mbele yenu kila mwaka kwa miaka saba, na miaka yote hiyo nimewasomea tarakimu: hisa, mikopo, faini za kuchelewa. Leo taarifa ya fedha mnayo mikononi, na Mwenyekiti amenipa dakika ishirini niongelee "Afya na umri wetu". Nilipokiona kichwa hicho kwenye ratiba nilijua kimetungwa kwa ajili yangu. Kuna swali kikundi kinataka kuniuliza kinaona haya.

Basi nilijibu. Sijafilisika. Gari lipo nyumbani, lina mafuta. Mwezi wa nane mwanachama mmoja, simtaji ingawa amejiinamia, aliniona asubuhi pale Miyomboni niko juu ya baiskeli, begi mgongoni, jasho linanitiririka. Kabla ya jioni watu watatu walikuwa wamempigia Katibu kuuliza kama fedha za kikundi ziko salama. Katibu akanipigia mimi. Akazunguka sana. Akauliza habari za watoto, akauliza kama kwetu mvua imenyesha, mwezi wa nane, Iringa! Mwishowe akasema, "Dada, watu wanasema unaendesha baiskeli." Nikamwambia ni kweli. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo hesabu ziko sawa?" Hesabu ziko sawa, fungueni ukurasa wa tatu.

Siwalaumu. Kwetu baiskeli ni ya mtu ambaye bado yuko njiani. Ukipata pikipiki unaigawa kwa mdogo wako, ukipata gari unasahau kwamba uliwahi kuwa nayo. Mama wa watoto watatu, mhasibu, miaka 49, akishuka ngazi mbili kwa hiari yake, lazima mtu ajiulize. Hata mwanangu wa mwisho aliniomba nisipite karibu na shule yao.

Ilianza na presha. Mwaka juzi nilimsindikiza shangazi kupima, nesi akasema na wewe mama kaa hapo, mkono huo. Ikasoma 158 kwa 96. Akanipima tena baada ya robo saa, ikashuka kidogo, haikushuka vya kutosha. Akanieleza kwamba 140 kwa 90 ndipo wao wanapoanza kushtuka, nirudi wiki ijayo, nipunguze chumvi, na nifanye mazoezi. Nikamwuliza kiasi gani, maana mimi mtu akiniambia "fanya mazoezi" bila tarakimu ni sawa na kuniambia "weka akiba". Akasema Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki, hadi 300, za mazoezi ya wastani, yale ambayo unaweza kuongea huku unayafanya lakini kuimba huwezi.

Nikagawanya. Dakika 150 kwa siku tano za kazi ni dakika 30 kwa siku. Kutoka hapa Kihesa mpaka ofisini kwangu mjini kwa baiskeli ni kama dakika ishirini, na kurudi ishirini na kitu. Kwa gari, ukihesabu kutafuta maegesho, nilikuwa natumia karibu muda huo huo na bado nafika nimenuna. Kwa hiyo haikuwa matumizi mapya. Ilikuwa kuhamisha fungu tu.

Na vidonge nilivyoandikiwa navimeza. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nawajua watu wa humu ndani. Mtu akisikia neno mazoezi anakwenda kutupa dawa, halafu tunachangishana.

Nikanunua baiskeli ya mtumba, zile za Japani, isiyo na bomba la juu ili nipande na sketi, yenye gia. Shilingi 230,000, niliomba wapunguze wakakataa. Nikafika nayo nyumbani, hakuna pa kuiweka. Stoo ilikuwa imejaa. Ikabidi nitoe vitu: magunia, kitanda kibovu, na tranka langu la bweni, lile la bati la bluu, ambalo sikuwa nimelifungua tangu tuhamie. Nikalifungua ili nione kama mchwa wameingia.

Humo ndani mlikuwa na daftari. Kaunta buku ya kwaya mbili, limefunikwa kwa karatasi la kalenda, picha ya nje ndani. Nililianza nikiwa sekondari na niliandika karibu kila siku, miaka karibu tisa, nikiongeza madaftari mengine matatu juu yake. Mara ya mwisho ni Machi 2001, wiki niliyoanza kazi. Mistari miwili: nimepewa meza, nimepewa kalkuleta. Baada ya hapo nimeandika kila siku ya maisha yangu vitabu vya watu wengine. Nikiulizwa gunia la saruji liliingia ghalani lini mwaka 2011 nitakuonyesha. Mwanangu wa pili alitembea mwezi gani, sijui.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hii ndiyo sababu ya mimi kukubali kuongea leo.

Wengi wenu mlikuja Ifunda mwaka 2009 kumzika baba. Mlinisikia nikisoma wasifu. Mnakumbuka nilisema baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliuza baiskeli yake ili mimi nisome. Watu walilia. Mimi mwenyewe nililia. Hadithi hiyo nimewasimulia wanangu kila walipoleta ripoti mbaya ya shule, nimeisimulia kwenye harusi mbili, na humu ndani niliisimulia mwaka tulipoanzisha mfuko wa elimu. Baiskeli ilikuwa Phoenix nyeusi, ya China, keria nyuma, kengele ambayo baba aliipaka mafuta ya nazi kila Jumapili. Mimi nilijifunzia hapo, nikipitisha mguu chini ya bomba kwa sababu miguu haikufika, mwili upande mmoja, kichwa upande mwingine kama kuku aliyebanwa. Mama akipiga kelele kwamba mtoto wa kike atavunjika. Baba alikuwa anakimbia nyuma ameshika keria.

Daftari likanifungukia Jumatatu, 28 Desemba 1992. Nawasomea nilivyoandika nikiwa na miaka 16:

"Nimepoteza baiskeli ya baba. Niliiegesha nje ya duka nikaingia kuangalia vitenge. Nilikaa sana. Nilipotoka haipo. Nimezunguka mpaka giza. Nimemkuta baba kibarazani anasikiliza redio. Nimemwambia. Amezima redio. Amesema usimwambie mama yako, sema nimeiuza kwa ajili ya ada ya Januari. Halafu amewasha redio."

Nilikaa chini pale stoo juu ya gunia la mahindi.

Ndugu zangu, mimi sikuwa naficha. Hilo ndilo lililonitisha. Kama ningekuwa nasema uongo ningejua kwamba nasema uongo. Mimi nilikuwa na picha kabisa kichwani: mwanaume mwenye kofia anahesabu noti, baba anampa pampu pamoja na baiskeli. Mtu huyo hayupo. Nimemtengeneza mimi, nikamvalisha na kofia. Miaka inapita, unasimulia, kila ukisimulia unakaza nati moja, mwisho kitu kinasimama chenyewe.

Kwenye kazi yangu tuna kanuni. Maneno ya mtu yakigongana na stakabadhi iliyoandikwa siku ile ile, stakabadhi inashinda. Hatumwiti mtu mwongo. Tunasahihisha kitabu tu. Lakini hesabu iliyofuata niliifanya usiku ule bila kalkuleta na sikulala. Baada ya Desemba ile baba alitembea. Kutoka kwetu mpaka shuleni kwake ni kilomita sita, kwenda na kurudi kumi na mbili. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Alistaafu mwisho wa 1998, kwa hiyo miaka sita. Ni karibu kilomita 14,000. Nilikuwa nikimwona anatembea, na nilipokuwa mtu mzima nilijivunia kutembea kule, kwamba angalieni, mzee wangu alivyojitoa. Alikuwa anatembea kwa sababu mimi nilikuwa naangalia vitenge.

Usiku huo huo nilichukua kaunta buku mpya ya mwanangu, nikamlipa kesho yake, nikaandika tarehe.

Kiswahili kina neno zuri, shajara. Kwa Kiarabu lilikotoka maana yake ni mti, ndiyo maana wengine wanalitumia kwa ukoo. Mimi nyumbani nasema daftari. Nikisema shajara najiona kama naandikia watu, naanza kupanga maneno.

Na sikujua niandike nini. Ukiacha kitu miaka 20 na zaidi mkono unakuwa mgeni. Kurasa za mwezi wa kwanza ni aibu, zinafanana na leja. "Jumanne. Baridi. Nyanya 3,000. Nimechoka." "Jumatano. Baridi. Luku 20,000. Nimechoka." Lakini niliendelea, kwa sharti moja, kwamba naandika kilichotokea, ninavyojisikia kitakuja chenyewe kikitaka. Nani alisema nini, kwa maneno yake. Nilijibu nini. Nilikula nini, kwa sababu ya ile presha. Nimepanda wapi na baiskeli na nimeshuka wapi kusukuma.

Baada ya miezi mitatu nikafanya ukaguzi. Siwezi kujizuia. Neno "nimechoka" limetokea mara 41. Nikaangalia zile siku. Nilitegemea nikute siku za kufunga mwezi ofisini, siku za wageni. Sivyo. Kwa sehemu kubwa ni siku zinazofuata usiku ambao nimeandika "simu mpaka saa sita". Kazi nilikuwa naisingizia.

La pili linamhusu mume wangu, naye yuko pale nyuma karibu na spika, asiinuke. Mimi nimelalamika kwa dada zangu miaka mingi kwamba mwanaume huyu hajui hata kuuliza mkeo umeshindaje. Katika siku 90 ameuliza mara 31, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Na mara 27 nimejibu "poa tu", nikaendelea na vyombo. Nimemwonyesha. Alicheka sana, akataka nakala.

Nilikwenda kusoma, kwa sababu nilidhani hiki ni kitu changu tu cha ukorofi wa kihasibu. Kumbe kuna watu wamekipima. Mwaka 1986 huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo 46. Waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo, wengine mambo ya kawaida tu, wengine jambo lililowahi kuwaumiza. Wale wa mambo mazito walitoka chumbani wamenuna zaidi kuliko walivyoingia. Lakini katika miezi iliyofuata, walioandika yaliyotokea pamoja na walivyoyabeba moyoni walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache kuliko wenzao. Tafiti za baadaye zimetoa majibu yanayotofautiana, faida mara nyingi ni ndogo. Naupenda utafiti ule kwa sababu hiyo ya kwanza, kwamba wanakiri mtu anaumia. Mimi 28 Desemba nimeisoma mara nyingi sasa, na bado siku nyingine naruka ukurasa.

Turudi barabarani, naona Mwenyekiti anaangalia saa.

Wenyeji mnajua mji wetu ulivyokaa. Barabara kuu ya kwenda Mbeya inapita kule chini Ipogolo, Ruaha Mdogo uko chini, na mji umekaa juu kama mtu anayechungulia. Kushuka ni dakika chache, upepo masikioni, unajiona kijana. Kupanda ndipo unapopewa taarifa yako. Jumamosi moja nilishuka kwa furaha, nikanywa chai, nikaanza kurudi. Sikufika nusu. Mapaja yanawaka, moyo unagonga kwenye meno, nikashuka nikajifanya naangalia tairi.

Akanipita mzee mmoja anasukuma baiskeli ya zamani, amefunga madumu matatu ya ulanzi kwa mipira, mawili ubavuni na moja juu ya keria. Lita 20 kila moja, weka kilo 60. Anatembea taratibu, anapumua puani. Akasimama. "Kamwene, mama." Nikaitikia. Akaiangalia baiskeli yangu, akaangalia nyuma kwenye cheni, akaniangalia mimi. "Hizi gia zinafanya kazi gani?" Nilidhani ananiuliza ili ajue, nikaanza kumweleza. Akasema, "Najua. Nakuuliza wewe, zinafanya kazi gani?" Akaondoka na ulanzi wake.

Nilikwenda kwa fundi. Fundi wangu yuko hapo chini ya mti karibu na mashine ya kusaga, kijana, mikono myeusi mpaka viwiko. Nikamwambia nifundishe gia kama mtoto. Akapindua baiskeli ikakaa kwa usukani na siti, akanihesabia meno kwa bisibisi, akinifanya nihesabu naye kwa sauti. Spoketi ndogo ya mbele, meno 28. Ile kubwa kabisa ya nyuma, meno 28. "Sawa kwa sawa, mama. Ukizungusha pedeli mara moja, tairi linazunguka mara moja. Unakwenda mita mbili na kidogo." Halafu akavuta baiskeli ya mteja, Phoenix, nikashtuka kuiona. Mbele meno 48, nyuma 20. Ukizungusha mara moja tairi linakwenda karibu mara mbili na nusu, zaidi ya mita tano. "Hii ya bonde. Mlimani inataka mguu wa askari." Mimi nilikuwa napanda Ipogolo kwenye gia ya bonde, kwa sababu kule chini nilikuwa nimejisikia vizuri nikasahau kuibadilisha.

Akanipandishia na siti. Nilikuwa nakaa chini sana ili miguu ikanyage ardhi yote, na magoti yalikuwa yananiuma nikasema ni uzee. Kipimo chake ni rahisi: kaa juu ya siti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukinyonga kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti litabaki limekunjika kidogo tu. Maumivu yakaisha ndani ya wiki mbili. Uzee sikuwa nimeupata bado, nilikuwa nimeukadiria tu.

Ipogolo nimeipanda bila kushuka mara ya kwanza tarehe 14 Novemba. Imeandikwa. Pia imeandikwa kwamba tarehe 16 nilijaribu tena nikashindwa, kwa hiyo msidhani.

Mambo ya usalama nitayapita haraka, waulizeni vijana. Taa nyuma, hata mchana. Kofia ngumu. Upande wa kushoto kama gari lolote. Sketi pana hapana, au vaa suruali ndani, cheni haina heshima. Na barabara kuu ile ya malori ya Tunduma mimi sitembei, labda kuikatiza. Mtu asije akasema mweka hazina alitushauri.

Mimi nikitaka safari ndefu nakwenda Kalenga. Ni kilomita kama 15, njia ya kuelekea Hifadhi ya Ruaha, Jumapili baada ya misa ya kwanza magari ni machache. Wengi wenu mmezaliwa hapa hamjaingia makumbusho ile tangu ziara ya shule. Mimi pia. Nilifika nimelowa jasho, nikasimama mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa kwa muda mrefu, yule mtunzaji akaniletea kiti.

Mnajua habari yake. Alijiua mwaka 1898 asikamatwe, Wajerumani wakachukua kichwa. Lakini kuna kipande ambacho mimi shuleni kilinipita, labda nilikuwa naangalia vitenge. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mwaka 1919, kwenye Mkataba wa Versailles, kitabu kizima cha mipaka na fidia za mataifa makubwa, waliandika kifungu, namba 246, kwamba Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Haikurudisha. Deni likalala miaka 35. Ni mwaka 1954 Gavana Twining alipolileta Kalenga, baada ya kwenda mwenyewe Ujerumani kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen. Mengi yaliyochukuliwa zama zile hayakuandikwa popote, na hakuna aliyekwenda kuyatafuta. Nilikaa kwenye kile kiti nikawaza kifungu kimoja, mistari michache, kimekaa kwenye karatasi miaka yote hiyo kinadai.

Nikarudi nikinyonga polepole, na njiani nikaamua niende Ifunda.

Mama yangu ana miaka 78, macho hayaoni vizuri, masikio yanasikia mpaka ya jirani. Ifunda sikwenda kwa baiskeli, ni mbali na ni ile barabara ya malori. Nilikwenda na gari, kwa hiyo mjue linatembea. Daftari nililiweka kwenye mkoba. Nikamkuta anachambua maharage kibarazani, kibaraza kile kile. Nikakaa kwenye mkeka, nikamsaidia kidogo, nikasema mama kuna kitu nataka kukusomea. Nikamsomea yale yale niliyowasomea ninyi. Sauti ilinikatika pale kwenye redio.

Hakusimamisha mikono. Akatupa jiwe moja nje, akasema, "Nilijua."

Nikamwuliza ulijua lini. Akasema, "Kesho yake. Mwenye duka alikuwa mtoto wa binamu yangu, angeacha kuniambia?" Nikamwuliza mbona hukusema, miaka thelathini na zaidi, hata kwenye msiba umenisikia nikisoma mbele ya watu wote. Akasema baba yako alikuwa amefurahi sana kuwa na siri na wewe, nisingemharibia. Halafu akasema na ile ada unadhani ilitoka wapi? Alikuwa amenunua mabati ya jiko langu. Akayauza. "Nimepikia kwenye nyasi miaka minne mingine, ikinyesha natwanga ndani ya nyumba."

Kwa hiyo kitu kiliuzwa kweli. Siyo nilichokuwa nasema, na siyo cha mtu niliyekuwa namsema. Nimekwisha andika, na ule wasifu nitausahihisha, nitausoma upya kwenye misa ya kumbukumbu mwakani, mnakaribishwa.

Tulimaliza maharage. Nilipokuwa nainuka kuaga akanishika mkono, akaupapasa hapa kwenye kiganja ambapo usukani umeniota sugu, akauliza, "Wanasema umenunua nyingine."

Nikamwambia ndiyo, mama.

"Unaifunga?"

Ninayo kufuli, wanachama. Mbili. Naona dada wa jikoni ananipungia mwiko. Ahsanteni kwa kunisikiliza, karibuni chakula.